Sheria Zilizotungwa Nje ya Geti

Kazi yangu ilianza Jumatatu, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku chache tu baada ya mtihani wa kidato cha nne. Dakika nazijua kwa sababu nilikuwa naiangalia simu ya mama kila mara, nikiomba saa zisiende. Nilisimama mbele ya kibanda cha Mama Chiku, nje ya geti la bandari, na mpaka siku hiyo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima nisiyemjua neno lolote zaidi ya shikamoo.

Nimestaafu wiki iliyopita. Mnaruhusiwa kucheka. Msichana wa miaka kumi na nane hastaafu, lakini Mama Chiku mwenyewe ndiye aliyelitumia neno hilo mbele ya wateja, akanipa khanga na kusema sasa nimpishe mwingine. Nakwenda kidato cha tano Songea. Mwingine ni wewe, Zuhura, pamoja na yule mwenzako wa Chuno ambaye bado anayakimbia mafuta ya moto, na nawaandikieni nyie. Habari za vyeo na mshahara siziandiki. Nilianza kwa kuosha sahani na nimemaliza nikiosha sahani.

Somo la kwanza halikuwa la jiko. Mama Chiku alinikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia kwamba hapa getini hakuna mtu anayekuja kula tu. Kuli anakuja kula na kusikia meli ipi inaingia. Dereva wa lori anakuja kula na kuuliza foleni imefika wapi. Askari anakuja kula na kuangalia. Anayesifia chakula kabla hajakionja ana lake jambo. Anayekuuliza jina kabla ya bei, msogezee maji ya kunawa na uondoke. Samaki mwenye macho maangavu bado mfunue mashavu. Gunia la mkaa lililojaa hadi mdomoni, tumbukiza mkono mpaka chini, huko ndiko wanakoficha vumbi. Yeye mwenyewe ameolewa mara tatu na kuachika mara tatu, na anasema alianza kumshuku huyo wa tatu tangu siku ya posa. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali. Akasema alitaka kuhakikisha.

Vifaa ni vichache. Upawa wa mchuzi ni ule uliopinda mpini. Msiubadilishe, maana huo ndio kipimo, na mkichotea ule mpya wateja wa zamani watajua kabla hata hawajakaa. Kisu cha vitunguu hakikati nyanya. Ugali wa muhogo usisongwe na mtu aliyeudhiwa. Mimi nilikuwa mbovu kwa yote hayo. Nilichokuwa nacho ni Kiingereza cha shule, na hicho ndicho kilichoniingiza kwenye jambo ninalotaka kuwaelezeni.

Ulikuwa msimu wa korosho. Kulikuwa na meli gatini inayopakia magunia ya kwenda Asia, na mabaharia wake karibu wote walikuwa Wafilipino. Mvua ikinyesha korosho haipakiwi. Wanafunga vifuniko vya meli, makuli wanatafuta kivuli, na mabaharia wenye kibali wanatoka kunyoosha miguu. Wengine walikwenda mjini. Watatu walikuja kwetu. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye pete. Wa pili alikuwa fundi wa mitambo, mnene, na Saidi wetu wa bodaboda akampa jina la Bonge hapohapo. Wa tatu alikuwa Rogelio, mpishi wa meli, mtu mfupi wa makamo, mikono imeungua madoamadoa kama ya Mama Chiku. Huyo hakukaa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kuchungulia sufuria. Mama Chiku akaifunika.

Ukweli ni kwamba walikuwa wateja wazuri. Walinawa, walikula, hawakuacha mifupa chini. Lakini siku moja mvua ilipokataa kukatika, Rogelio akasema melini wana mchezo wao. Serikali yote imelala usingizi, na wewe umepewa siku moja ya kutunga sheria moja. Wakubwa wakiamka wanaikuta imeshapita, hawawezi kuirudisha. Akaniomba niwatafsirie watu wa mezani ili wote wacheze. Nilitafsiri nikiwa naangalia sakafu.

Mrefu mwenye pete alianza. Sheria yake ni talaka. Alisema kwao Mkristo kama yeye akishafunga ndoa, sheria ya nchi haina mlango wa kutokea. Yeye na mkewe waliachana zamani, mke ana watoto na mtu mwingine, lakini kwenye karatasi za serikali bado ni mume na mke, na watabaki hivyo mpaka mmoja azikwe. Mama Chiku aliacha kukoroga.

"Hata talaka moja?"

"Hata moja," nikatafsiri.

"Sasa wanaachanaje?"

Rogelio alisubiri nimweleze swali, akajibu yeye badala ya mwenzake. "Tunakwenda baharini."

Bonge alitaka mashine za kuimbia zizimwe saa nne za usiku. Kwao, alisema, kila nyumba ina spika na kipaza sauti, na jirani yake huimba wimbo uleule mpaka kunakucha, na hajawahi kuupatia. Saidi akasema huo ni udikteta, na kwamba huyu bwana akipewa nchi watu watakufa kimyakimya. Mrefu akaongeza ya pili bila zamu: baba akiwa gavana, mama asiwe mbunge na mtoto asiwe meya, kila nyumba itoe mmoja tu. Na huyo mmoja apande magari yaleyale ya abiria wanayopanda watu, atibiwe hospitali wanayotibiwa watu, na wanawe wasome shule za serikali. Mzee Chilumba, kuli wa miaka mingi ambaye siku hizi anakuja kupiga soga tu, aligeuka kuangalia geti.

"Hiyo iache hukohuko kwenye Kiingereza, mjukuu," akaniambia.

Nilikuwa nimeshaimaliza.

Na sisi tukatunga. Mama Chiku alisema anayepokea simu na sahani ya moto iko mbele yake, sahani ipewe mwingine. Saidi alitaka bodaboda asisimamishwe na trafiki kabla hajapata abiria wa kwanza. Mimi nilimwambia Rogelio yangu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo ili wengine wasinisikie: mwalimu asimtaje kwa jina mwanafunzi ambaye hakunyoosha mkono. Rogelio akagonga meza mara moja na kutangaza kwamba imepita.

Mzee Chilumba alikataa kucheza. Alisema, "Ntu akikuuliza unataka nini, jua ameshaamua atakachokupa. Sisi hapa tulishaulizwa maoni. Tukasema vizuri tu, kwa adabu. Wewe ulikuwa hujaanza shule." 

Rogelio alikuwa wa mwisho. Sheria yake ilikuwa fupi. Siku ya mtu kurudi nyumbani ikifika, arudishwe. Anayemzuia apande yeye melini, akae badala yake.

Wenzake hawakucheka. Yule mrefu alianza kuizungusha pete yake.

Walipoondoka, meza yote ikawa mahakama. Kwa nini mtu aulize wenyeji wanataka sheria gani? Saidi alisema huyo ni mtu wa usalama. Mzee Chilumba alisema ni mtafiti, na watafiti ni wabaya zaidi. Mama Chiku alisema hapana, huyo anataka kutoroka, maana mpishi anayekula kwa mpishi mwenzie kila siku ana ugomvi na jiko lake. Na akitoroka, alisema, wa kwanza kuulizwa ni alikokuwa akila. Mimi niliwashuku wote watatu, na nikamshuku Rogelio pia, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa.

Kesho yake akaanza kuja kijana wa wakala. Wakala ni ile ofisi inayoshughulikia meli na mabaharia wake wakiwa nchini. Kijana alikuwa na shati la kupigwa pasi na aliagiza chai moja, akakaa nayo mpaka ikaweka utando. Hakuzungumza na mabaharia. Aliwasikiliza. Kisha alimwita Mama Chiku pembeni, wakaongea habari ya kupikia makuli wa zamu chakula cha mchana msimu mzima. Mama Chiku akacheka kicheko nisichokijua. Jioni niliandika kwenye dayari: Sipendi anavyocheka.

Siku iliyofuata nilimpelekea Rogelio maji ya kunawa, na akaniambia, taratibu, huku akijifanya ananawa. Ile sheria haikuwa mchezo. Mkataba wake ulikwisha bandari mbili nyuma. Kila wakifika mahali nahodha humwambia atashukia bandari inayofuata, maana hajapatikana mpishi wa kumpokea. Mkaguzi wa meli wa hapa bandarini alishapanda kuwauliza mabaharia kama wana malalamiko, lakini aliwauliza wakati nahodha na kijana wa wakala wamesimama hapo, na wote wakajibu kwamba mambo ni mazuri, yeye akiwemo. Nilimuuliza kwa nini asitoroke tu. Akasema mpishi aliyetoroka meli moja hapokelewi na nyingine.

Akanionyesha video. Binti yake alizaliwa yeye akiwa safarini, na amejua kwamba baba ni simu. Akiambiwa amsalimie baba anaibusu simu, yoyote ile, ya jirani, hata iliyozimwa. Kwenye video alikuwa anabusu kikokotoo. Nilijiambia kwamba waongo nao wana video. Halafu nikaenda nyuma kuosha sahani ambazo nilikuwa nimeshaziosha.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Mkaguzi huyo alikuwa mteja wetu wa supu. Rogelio alitaka kusema naye hapa kwetu, mbali na meli. Na nyie mnajua, huku kwetu hukurupuki tu kwenye meza ya mkubwa na shida yako mkononi. Anatakiwa mtu mzima anayemjua akufungulie mazungumzo. Nikambembeleza Mama Chiku. Alijifuta mikono muda mrefu.

"Mambo ya meli si yetu, Atu," akasema. Baadaye, nilipokwisha kukata tamaa: "Akija nitamfungulia."

Mkaguzi alikuja Alhamisi. Meli ilikuwa imebakiza magunia ya siku moja, na ilikuwa inaondoka Ijumaa jioni. Rogelio alikuwa benchi la mbele, amechana nywele. Kijana wa wakala naye alikuwepo, na chai yake. Mama Chiku alipeleka supu mwenyewe.

"Karibu, baba. Za kazini?"

"Nzuri, mama. Hapa je?"

"Hapa salama."

"Na wageni wako hawa, wanaendeleaje?"

"Wazima kabisa, hawana shida."

Hivyo ndivyo tunavyosema sote. Mwenye mgonjwa mahututi ndani anajibu salama kwanza. Watu wakishatulia, maji yakishapita mikononi, ndipo anasema "ila", na baada ya hiyo "ila" ndipo yanakuja mambo yenyewe. Nilisimama na birika nikiisubiri. Simu ya mkaguzi ikaita. Akasikiliza, akainuka, akaacha supu nusu, akaondoka. Mama Chiku alibaki na kitambaa begani. Kijana wa wakala akainua kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja akaimaliza chai yake.

Rogelio hajui Kiswahili. Lakini baharia yeyote aliyekaa kwenye gati letu siku mbili analijua neno shida, kwa kuwa makuli wanamwambia hakuna shida kuanzia asubuhi mpaka jioni. Aliweka kijiko chini.

"Amesema hatuna shida?" akaniuliza.

 Ningemwelezaje habari ya neno ambalo halikusemwa? Alinisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha akapangusa mahali pake mezani kwa kiganja, kama wapishi wanavyofanya, akashukuru na kurudi ndani ya geti.

Nilingoja mpaka wateja wakapungua, nikamuuliza Mama Chiku mbona hakumwambia.

"Ulitaka nianze na shida, mtu hajanawa mikono?"

"Simu ilipoita ungemwita."

"Ningemwita mbele ya nani?" Akaonyesha kwa kidevu benchi alilokuwa amekaa yule kijana.

Halafu nikauliza swali baya kuliko yote niliyowahi kumuuliza mtu mzima. Nilimuuliza kama ile kazi ya kupikia makuli ameshapewa. Nilitegemea kofi. Aliendelea kusugua sufuria.

"Nimepewa. Juzi."

"Kwa hiyo ulifanya makusudi?"

"Sijui, Atu," akasema. "Hata mimi najishuku."

Mpaka leo sijui, na nimekaa naye miezi mingi baada ya hapo. Nawaachieni nyie mtafute jibu.

Ijumaa sikwenda kibandani kwanza. Nilikwenda ofisini kwa mkaguzi. Njiani nilijipa amri moja: nisisalimie. Nikisalimia ataniuliza habari za nyumbani, nitasema nzuri, na nikishasema nzuri itakuwa imekwisha. Alikuwa peke yake. Aliinua kichwa akisubiri shikamoo yake, na mimi nikasema, "Kuna mtu kwenye ile meli ya korosho muda wake umekwisha, hawamrudishi kwao, na hawezi kusema mbele ya nahodha." Ndipo shikamoo ikatoka yenyewe, mwishoni, haina kazi.

Hakuitikia marahaba. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtaja baba, ambaye ndiye aliyetuleta huku kutoka Mbeya kwa ajili ya kazi ya hapohapo bandarini, ndipo nikaona nimeiponza na kazi yake. Akauliza nani amenituma. Mama wa supu? Wakala mwingine anayetaka meli icheleweshwe? Alisema amewaona watu wazima wakituma watoto kwa mambo kama haya.

"Nimejituma," nikasema.

"Watu hawajitumi."

 Nilisimama tu, na nadhani hilo ndilo lililonisaidia, kwa sababu mtu aliyetumwa huwa ana maneno zaidi. Mwishowe akauliza.

"Anafanya kazi gani humo?"

"Mpishi."

Akatazama nje dirishani, meli ilikokuwa. Alisema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba kweli jiko lao hakulikagua vizuri. Akachukua kofia yake ngumu akatoka, bila kuniambia niende wala nibaki. Nilimwelewa baadaye, wakati nachota mchuzi. Nahodha anaweza kusimama mlangoni mwa chumba chochote siku nzima, lakini kwenye jiko la meli lenye mafuta yanayochemka na nafasi ya watu wawili, hakai.

Siku nzima hakuna Mfilipino aliyetoka getini. Mama Chiku hakuniuliza nilichelewa wapi. Jioni meli ikang'oa nanga. Saidi alisema ameona gari la wakala likitoka kwa mlango wa nyuma na mtu ndani. Mzee Chilumba alisema amemwona kwa macho yake mtu wa aproni nyeupe juu ya meli, akimwaga maji machafu baharini. Nilimwamini Mzee, kwa kuwa habari yake ndiyo iliyokuwa mbaya.

Jumamosi asubuhi Mama Chiku alinipa hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa. Alisema mabaharia wanaosubiri ndege huwa wanalazwa gesti moja iko mtaa wa Rahaleo. "Kama hayupo, kula wewe. Hotipoti irudi." Ujumbe mwingine hakunipa.

Mapokezi palikuwa na dada anayepaka rangi kucha. Nilimwambia nina chakula cha mgeni. Akasema hawana Mfilipino hapo. Mimi Mfilipino sikuwa nimemtaja. Kwa hiyo nikaketi kwenye ngazi, hotipoti mapajani, na yeye akaendelea na kucha zake.

Rogelio alitokea uani, simu mkononi, viatu vimesafishwa. Alisema ndege yake ya Dar ni mchana, na jana yake bado alikuwa anakaanga vitunguu mkaguzi alipoingia jikoni kwake na kufunga mlango. Aliongea haraka, uso umemchangamka. Kisha akaiona hotipoti. Alijua ni ya nani. Uso ukarudi ulivyokuwa Alhamisi.

Nilifungua kifuniko. Kulikuwa na samaki wa kukaanga na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayoichemsha na kuila kwa chumvi na pilipili. Akasema asante, ameshakula. Alikiangalia chakula kama sisi tunavyomwangalia samaki wa mtu tusiyemjua.

Kwetu mtu akikishuku chakula chako humwapii. Nilikwenda kwenye bomba la uani nikanawa. Nikarudi, nikamenya mng'oko mmoja, nikauchovya kwenye pilipili nisiyoiweza na kuula mbele yake polepole. Kisha nikamega samaki. Machozi yalinitoka na kamasi pia, na dada wa mapokezi akaacha kucha zake akawa anatazama. Rogelio alinitazama mpaka nikameza. Akanisubiri kidogo tena.

Halafu akaenda kunawa. Akakaa kwenye ngazi, akaisogeza hotipoti katikati yetu, na akaanza kula kutoka upande uleule niliokula mimi.